Burudani za Mwaka 2023 na Kiswahili Chake

Ni desturi ya kurasa za namna hii kuhakiki vitabu. Kitabu kikipigwa chapa, mhakiki hukisoma, hukipima, hueleza uzuri wake na kasoro zake, na msomaji huondoka akijua kama fedha yake itapotea au haitapotea. Desturi hiyo ni njema, nami sikusudii kuivunja. Walakini mtu akiulizwa kwa kweli alistarehe kwa nini mwaka mzima, ni wachache miongoni mwetu watakaotaja kitabu. Nimejiuliza swali hilo juu ya mwaka 2023, nikaona kwamba majibu yangu ni matatu: mpira uliotangazwa redioni, tamthilia na filamu za kigeni zilizosemeshwa Kiswahili, na nyimbo zilizopita mtaani usiku hata nikakosa usingizi. Hakuna hata kimoja katika hivi vitatu nilichowahi kukiandikia mstari mmoja.

Nimeuchagua mwaka ule kwa sababu mbili. Kwanza umekwisha kupoa. Jambo la burudani likiwa bado la moto kila mtu ni shabiki, na shabiki si mhakiki. Pili, miezi yake ya mwisho ilikuwa ya mgao wa umeme katika Tanzania Bara, hata mtu akawa hastarehe kwa kile akipendacho bali kwa kile kinachowezekana. Nyakati kama hizo huonyesha wazi ni burudani gani yasimama kwa nguvu ya lugha peke yake, na ni ipi itegemeayo picha na taa.

Mpira

Kwa wapenda mpira ulikuwa mwaka wa neema na wa simanzi. Young Africans, klabu iliyoasisiwa mwaka 1935, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Tarehe 28 Mei ilifungwa 2–1 na USM Alger ya Algeria katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tarehe 3 Juni ikaenda Algiers ikashinda 1–0, na bado ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mwezi wa Septemba timu ya taifa ilikwenda sare na Algeria bila ya bao, ikapata nafasi katika fainali za Mataifa ya Afrika; na tarehe 27 ya mwezi huo huo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa fainali za mwaka 2027. Tarehe 20 Oktoba Simba walitoka 2–2 na Al Ahly ya Misri hapa hapa Dar es Salaam. Kisha tarehe 5 Novemba ikaja siku ambayo watani wa jadi hawataisahau: Yanga mabao matano, Simba moja.

Mchezo huo niliusikiliza kijiweni kwa muuza kahawa, kwa redio ya betri, maana mtaani petu umeme haukuwapo. Tulikuwa watu kama kumi na watano kuzunguka redio moja ndogo. Hadi mapumziko timu zilikuwa 1–1, na kashata zikaliwa kwa amani. Kipindi cha pili yakaingia mabao manne, na amani ikaondoka.

Mtangazaji wa redio ana kazi ambayo mwenzake wa televisheni hanayo: hana budi kuujenga uwanja katika sikio la mtu asiyeuona. Niliposikiliza kwa sikio la ufundi wangu, nilitambua kwamba kazi hiyo aliifanya kwa vijineno vitatu ambavyo sisi walimu huvifundisha kwa majedwali, na wanafunzi huvisahau kabla ya mtihani: pale, kule na mle. Mpira ukiwa mahali anapopajua barabara, alitua akasema ‘pale’: pale penye kibendera cha kona, pale katikati ya duara. Ukipigwa mbali kuelekea upande usiopimika, alisema ‘kule’, na kijiwe kizima kikageuza shingo. Ukiingia katika eneo la hatari alisema ‘mle ndani ya kumi na nane’, na hapo kila mtu akashika kikombe chake kisimwagike. Kadhalika katika nyakati za vitenzi. Kitendo kinachoendelea alikitangaza kwa -na-: anakwenda, anamtoka mmoja, anamtazama mwenzake. Jambo likishakatika alilitupa kwa -ka-: akapiga, ikagonga mwamba, ikatoka. Mimi niliandika tasnifu nzima ng’ambo juu ya nyakati za vitenzi vya Kiswahili, wala sikupata mifano mizuri kama ile niliyoisikia kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa.

Tena yafaa tuyatazame maneno yenyewe. Mpira ukipitishwa juu ya kichwa cha adui ukashuka nyuma yake, husemwa amepigwa kanzu. Ukipita katikati ya miguu yake, amepigwa tobo. Mchezaji aliyetangulia mbele ya walinzi kinyume cha sheria ameotea, kama aoteavyo mwindaji. Dakika za mwisho, ambapo aliyetangulia kwa bao huomba mchezo uishe, ni dakika za lala salama. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na limefanya kazi kubwa ya istilahi. Lakini sijui mtu awezaye kudai kwamba kanzu ile ilishonwa na kamati. Ilishonwa na watu waliokuwa na haja nayo. Hata baada ya mchezo ule wa Novemba lugha haikulala. Mabao matano ni vidole vitano, na vidole vitano ni mkono. Basi kesho yake mtu wa Jangwani hakuwa na haja ya kusema neno. Alikupungia mkono tu kwa mbali, ukiwa wazi, naye mtu wa Msimbazi akaona ametukanwa. Salamu ya kila siku ikageuka kijembe kwa muda wa wiki kadhaa, na kila mtu mjini akaielewa bila ya kufasiriwa.

Nisiwe msifu tu. Utangazaji wetu una maradhi mawili. La kwanza ni matangazo ya kamari, yanayokatiza maelezo mahali popote, hata mpira ukawa umeingia wavuni wakati msikilizaji anaambiwa aweke shilingi zake. La pili ni sifa zisizopimwa. Pasi ya kawaida ikiitwa ya maajabu, maajabu yenyewe yakija hayana jina. Mtangazaji wa siku ile alijiepusha na la pili kwa sehemu kubwa. La kwanza halikuwa mikononi mwake.

Tamthilia na filamu

Mama yangu mzazi ni mtu wa Pangani. Amepita miaka sabini, na macho yake yamepungua nuru. Filamu za kigeni zenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha zilimpita kando miaka yote. Hakusoma Kiingereza, na hata angalikisoma, maandishi asingaliyaona. Basi zilipoenea tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, alipata mlango uliokuwa umefungwa. Mwaka 2023, alipokuwa akikaa kwangu, alikuwa na kiti chake mbele ya televisheni kila jioni umeme ulipokuwapo. Aliwaonya watu wa mle ndani, aliwaombea, akawakatalia posa. Nani atasema kwamba hilo ni jambo dogo? Watu wengi wa umri wake walifungiwa nje ya sanaa za dunia kwa sababu ya lugha, na sasa wamefunguliwa. Hilo ni la kushukuriwa kwanza, kabla ya lolote jingine.

Jioni moja, mpishi wa nyumba ya tajiri mmoja wa Istanbul alipokuwa akigombana na bibi yake, mama aliniita. ‘Mwanangu,’ akasema, ‘hebu sikiliza. Huyu mpishi na tajiri wake wamesoma darasa moja?’

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maana alisema kweli. Mpishi, bibi yake, mume wake, mlinzi wa lango na mtoto wa miaka saba, wote walisema Kiswahili kimoja: kile cha taarifa ya habari. Sarufi yake haikuwa na kosa. Kila kiambishi kilikaa mahali pake, na mimi ningalikuwa nasahihisha mtihani ningalitoa alama zote. Lakini hapakuwa na mtu mle. Kwa sauti za waigizaji ulijua ni nani amekasirika. Kwa lugha yao hukujua ni nani mkubwa, ni nani mdogo, ni nani wa mjini, ni nani aliyetoka kijijini jana.

Nilianza kufuatilia, mama akiwa ndiye msaidizi wangu wa utafiti, nikaona kwamba kilichopungua zaidi ni maneno ya kuitana. Kituruki, kama lugha yetu, ni lugha ya heshima. Mdogo hamwiti mkubwa kwa jina tupu; humwita abla akiwa dada mkubwa, na abi akiwa kaka mkubwa, na kiwakilishi cha wingi hutumika kwa mtu mmoja anayestahiwa. Sisi nasi tuna shikamoo na marahaba, tuna dada, kaka, shangazi, mjomba, bibi, mzee, na mwenzangu. Lakini katika Kiswahili cha tamthilia zile, binti aliingia chumbani kwa shangazi yake asubuhi akasema ‘Habari za asubuhi’, akaketi. Mama yangu alikuwa akimwitikia ‘Marahaba’ kwa hasira, ili kumkumbusha. Lugha mbili zenye adabu zilikutana, na adabu ikapotea njiani.

Ilipotelea wapi? Dalili zaonyesha kwamba maneno yalipita kwanza katika Kiingereza. Mtu anayeambiwa asifanye haraka aliambiwa ‘chukua muda wako’, ilhali Mswahili husema ‘taratibu’. Wageni walipokelewa kwa ‘nina furaha kukuona’, mahali ambapo kila nyumba ya kwetu husema ‘karibu, umepotea mno’. Kiingereza hakina shikamoo, wala hakimlazimishi mtu kumtambua shangazi kila anapofungua kinywa. Kwa hiyo kilichoingia kwake kikiwa na heshima kilitoka hakina. Mfasiri wa mwisho hakuitupa heshima hiyo. Hakuikuta. Lakini angaliweza kuirudisha, kwa maana picha ilikuwa mbele yake, na alimwona shangazi ni mtu mzima.

Hata hivyo sitaki mfasiri abebe mzigo peke yake, maana sehemu ya mzigo huo ni yetu. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ilichaguliwa lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha iliisimamia kazi hiyo. Haja yao ilikuwa vitabu vya shule vyenye tahajia moja. Walifaulu, na faida yake hatuwezi kuikana; bila ya kazi hiyo mimi nisingaliandika makala hii na kueleweka Kisumu na Mtwara. Lakini sisi tuliowafuata tulianza kufundisha kana kwamba Kiswahili cha kitabu ndicho Kiswahili chote, na kwamba kilichobaki ni makosa. Kijana tuliyemfundisha hivyo akipewa kazi ya kumsemesha mpishi aliyekasirika, atachota wapi? Kiswahili sanifu ni nguo ya sherehe. Kosa si la nguo. Kosa ni la mtu aendaye nayo kisimani, na la mwalimu aliyemwambia kwamba hana nguo nyingine.

Sasa nihamie upande wa pili. Katika mwaka huo huo kijana mmoja jirani yangu, fundi wa pikipiki, alinichukua kwenye kibanda umiza. Msomaji wa nje ya Tanzania pengine hakijui. Ni banda la mabati lenye mabenchi na televisheni, ambapo kwa kiingilio kisichofikia bei ya sahani ya wali mtu huona mpira au filamu. Jina lake latokana na maumivu ya kukaa humo. Filamu tuliyoiona ilikuwa ya Kihindi, na juu ya sauti zake ilikuwa imewekwa sauti ya mtu mmoja, anayesimulia na kuwaigiza wote: steringi, maadui, mzee, mtoto, hata mbwa. Usanii huu si wa jana. Ulistawi tangu zama za kanda za video, na wako wasimuliaji waliopata umaarufu mkubwa, kama yule aliyejulikana mijini kwa jina la Lufufu.

Mle bandani swali la mama yangu lilijibiwa. Mzee wa kijijini alisema kwa lafudhi ya bara, taratibu, akirudia maneno. Tajiri alichanganya Kiingereza mahali ambapo tajiri wa kwetu angalichanganya. Mama wa steringi aliongea Kiswahili cha pwani, na mwanawe alimwamkia kila alipoingia, hata mara moja akiwa anavuja damu. Steringi alipokimbia, alikimbia kama mtu anayewahi daladala la mwisho la Mbagala. Watu walicheka, wakalia, wakampigia makofi mtu ambaye hayupo.

Je, hiyo ni tafsiri? Mtu atasema si tafsiri, ni uzushi. Kwa sehemu ana haki. Msimulizi yule aliruka mambo ambayo bila shaka hakuyaelewa, akajaza mapengo kwa mzaha. Alimfanyia masihara kila mtu mwenye lafudhi isiyo ya Dar es Salaam, na mzaha ule ule wa kabila ukirudiwa mara kumi huacha kuwa utani. Kubwa zaidi, mwanamke yeyote aliyetokea, asipokuwa mama wa steringi, alitukanwa. Nilitazama nyuma nikaona mabenchi yote yamejaa wanaume na wavulana. Ndipo nikafahamu kwamba msimulizi anawajua wasikilizaji wake kupita kiasi, na hilo nalo ni kosa la sanaa. Msanii ajuaye tu kile ambacho watu wake wanataka kusikia hawezi kuwaambia jipya.

Lakini hebu tukumbuke tafsiri mbili ambazo hakuna anayezikatalia jina hilo. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa The Merchant of Venice kwa jina la Mabepari wa Venisi. Neno bepari limetujia kutoka Bara Hindi, na maana yake ya asili ni mfanyabiashara tu. Kwa hiyo mtu aweza kusema kwamba jina lile limefasiriwa kwa uaminifu. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hapakuwa na msomaji aliyelisikia neno hilo bila ya kusikia siasa ndani yake. Mfasiri alijua ni nani anayemwandikia, na ni masikio gani atakayoingia. Msimulizi wa kibanda hana elimu ya Mwalimu wala heshima yake kwa matini, na sisemi kwamba wako sawa. Nasema kwamba jambo moja la msingi katika ufasiri, yaani kumsikia msomaji wako kabla hujafungua kinywa, wote wawili walikuwa nalo, na tamthilia zetu zenye sarufi safi hazikuwa nalo.

Hapa yanipasa niungame jambo. Miaka kadhaa kabla ya huo mwaka ninaouhakiki, mwanafunzi mmoja alinijia akitaka kuandika tasnifu yake juu ya lugha ya wasimuliaji wa filamu. Alikuwa amepata banda moja ambalo mwenyewe alihifadhi kanda za zamani, makasha kwa makasha. Nilimjibu kwa upole kwamba hiyo si fasihi, atafute mada yenye matini. Alitafuta, akaandika juu ya riwaya, akafaulu. Baada ya kutoka kwenye kibanda umiza nilimtafuta kwa simu nikamwuliza habari za banda lile. Akaniambia limekuwa duka la simu, na kanda zilitupwa, maana hakuna tena mashine ya kuzichezea. Hakunilaumu. Aliongea kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Nyimbo

Juu ya nyimbo sitasema mengi, kwa sababu wengine wanazijua kuliko mimi. Katika nyimbo zilizotamba mwaka ule zilikuwamo ‘Single Again’ ya Harmonize na ‘Enjoy’ ya Jux na Diamond Platnumz. Wako walionijia wakilalamika kwamba majina ya Kiingereza yanakiua Kiswahili. Mimi sikuogopa. Jina la wimbo ni kama kibao cha duka. Kinachonunuliwa kimo ndani, na ndani ya nyimbo hizo Kiswahili kilikuwapo kingi. Kilichonishughulisha ni kitu kidogo zaidi, tena cha Kibantu.

Singeli ni muziki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese na Tandale, na damu ya mchiriku na taarabu imo ndani yake. Mapigo yake hupita mia mbili kwa dakika, na mwimbaji hana budi kukimbia nayo. Vigodoro vya harusi katika mtaa wa nyuma yangu viliniamsha mara nyingi mwaka ule. Usiku mmoja wa Agosti, nikiwa macho kwa lazima, nilianza kuhesabu vitenzi vyenye -ga: nakujaga, alisemaga, huwaga, sionagi. Nikakumbuka wimbo wa singeli wa Man Fongo uliovuma miaka kadhaa nyuma, ‘Hainaga Ushemeji’, ambao jina lake watu wengi walilichukua likawa msemo.

Kwa miaka mingi nimeipigia -ga hiyo mstari mwekundu katika insha za wanafunzi. Katika tasnifu yangu niliipa kiambishi hu- cha mazoea sura nzima, na -ga nikaipa tanbihi moja, nikiita athari ya lugha za bara. Ni kweli imeingia kutoka huko. Kisukuma kinayo, na lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi cha jamaa hiyo, hata Nairobi watu husema nakulanga. Lakini usiku ule nilijiuliza swali ambalo ningalijiuliza ng’ambo: kwa nini imepokelewa? Jibu li wazi mno. Kiambishi hu- cha sanifu hakichukui nafsi. ‘Hula’ ni mimi, ni wewe, ni wao. Tena hakikanushiki. Mtu akitaka kukana mazoea kwa Kiswahili cha kitabu, husema ‘hali’, na hapo hatujui kama hali leo au hali kamwe. Au huongeza neno la kuzunguka. Wala hu- haiendi wakati uliopita. Lakini -ga yakaa popote: sili leo, silagi kabisa, alikuja juzi, alikujaga zamani. ‘Haina’ yasema jambo la sasa. ‘Hainaga’ yasema kwamba ndivyo ilivyo siku zote, ni kanuni ya dunia. Watu wa Manzese waliona pengo katika sarufi, wakaliziba kwa tofali waliloletewa na ndugu zao wa bara. Sisi tulikuwa tumekaa juu ya pengo lile kwa vizazi, tukiliita usafi.

Sisemi kwamba -ga iingie kesho katika vitabu vya shule. Kitabu kina adabu yake, na mwanafunzi apaswa kuijua. Nasema kwamba kalamu nyekundu haitoshi kuwa hoja. Na singeli nayo isamehewe mengi ila isisamehewe yote: katika mbio zake maneno mengi humezwa, na mengine yangalikuwa heri yamezwe, maana hayafai mbele ya watoto wanaocheza pale pale ngomani.

Tamati

Mtu ataniuliza kipimo changu ni kipi, maana nimevisifu vyote vitatu na kuvilaumu vyote vitatu. Kipimo changu nimekipata kwa mama. Burudani ya lugha ni njema ikiwa msikilizaji anaweza kumtambua msemaji, na akamjibu. Mtangazaji wa mpira alijibiwa na kijiwe kizima. Msimulizi wa kibanda alijibiwa, ingawa na nusu ya watu tu. Tamthilia zilijibiwa na mama yangu kwa hisani yake mwenyewe, akiyasahihisha aliyoletewa. Kwa hiyo wanaozitia sauti ningewashauri jambo moja lisilo na gharama: kabla ya kurekodi, wakae na bibi mmoja, wamsomee maneno ya mpishi, wamwulize kama amewahi kukutana na mtu huyo. Na waandike majina ya wafasiri mwishoni mwa kila kipindi, maana mimi nilitazama mwaka mzima nikitaka kuwataja hapa kwa wema na kwa kasoro, nisiyaone.

Desemba, mgao ulipozidi, jioni nyingi televisheni ilikuwa kioo cheusi. Wajukuu walimwomba bibi yao awahadithie tamthilia, kwa kuwa waliikosa walipokuwa shule. Akawahadithia gizani, kwenye mkeka, kwa Kiswahili cha Pangani. Katika hadithi yake binti alimwamkia shangazi yake, na shangazi akaitikia. Mpishi alimjibu bibi yake kwa mafumbo, kama wanavyojibu watu wasioweza kujibu waziwazi, na bibi akaelewa akakasirika zaidi. Mlinzi wa lango alikuwa mtu wa bara. Watoto walijua kila anayesema kabla hajatajwa.

Niliwasha simu yangu nikarekodi dakika arobaini, mpaka betri ikaisha. Ni rekodi ya kwanza niliyoiweka katika kasha ambalo ningalipaswa kulianza tangu siku ile mwanafunzi alipogonga mlango wangu. Wenzangu walio na kanda, au wanaomjua mtu mwenye kanda, tafadhali wasimwambie atafute mada nyingine.